Propela ya Kumi na Tisa, Mkonze Hadi Mtera

Sikwenda Mtera kwa kupenda maji. Nilikwenda kwa sababu mume wangu, Elia, alimwahidi baba yake kumtembeza kwa boti, na mzee akakubali. Mimi ni mtu wa Dodoma, maji nimezoea kuyaona ndani ya ndoo. Kuogelea sijui. Elia naye hajui, ila yeye alishanunua boti.

Mkonze, asubuhi. Boti ilikuwa uani juu ya tela, imefungwa propela mpya ya namba kumi na tisa. Namba hiyo, alivyonieleza Elia, ni inchi ambazo propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu. Namba kubwa, mwendo mkubwa. Ile ya zamani, ya kumi na tano, alikuwa ameitupa stoo.

"Umeijaribu na watu?" nikamuuliza.

"Nimeijaribu wiki iliyopita, Mama Neema. Iliruka, we acha tu!"

"Na watu wangapi?"

"Mimi mwenyewe. Nani mwingine angepanda?"

Hilo lilikuwa kweli. Siku ile, nilivyosikia, ukoo mzima ulisimama ukingoni mwa bwawa ukipiga makofi, hakuna aliyethubutu kutia mguu. Nikaenda stoo, nikaifunga ile ya kumi na tano kwenye kanga pamoja na spana, nikaiweka chini ya kapu la chakula.

Mvumi tulimchukua baba mkwe na dada yake, Shangazi Mele, mama mnene wa kucheka sana. Nilipiga goti nikiwa mbali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkamwana," akajibu akitazama pembeni. Ndiyo heshima ya familia yetu: mkwe na mkamwana hawakai kiti kimoja wala hawagusani. Garini yeye alikaa mbele, mimi nyuma.

Baada ya kijiji cha Fufu, kwenye kilima, Elia alishikilia gia ya nne mpaka gari likaanza kutetemeka. "Gari limejaa, rudisha gia," mzee akasema. Elia akarudisha, tukapanda.

Mtera tulifika jua likiwa kali. Bwana Hamisi, mchuuzi wa samaki, alitukaribisha tushushe boti kwenye mwalo wake. "Upepo ukianza, rudini," alisema. "Na kule kwenye magogo kuna viboko."

"Ni wakali?"

"Ni viboko, dada."

Kila mtu alivaa jaketi okozi. Tukakaa kwa heshima, kama garini: Baba peke yake mbele, Elia kwenye usukani, mimi na Shangazi nyuma karibu na mashine, kapu likiwa miguuni. Elia akaongeza moto. Pua ya boti ikainuka na kubaki hewani, mkia ukazama. Mashine ikaguna tu. Mshale wa mizunguko ulipanda kidogo, ukakwama.

"Itachanganya," Elia akasema. Haikuchanganya.

Katikati ya bwawa upepo ukaanza. Elia akageuza turudi, na mawimbi yakawa yanatufuata kwa nyuma, palepale mkia ulipozama. La kwanza lilimwagika miguuni mwangu. La pili likafika vifundoni. Upande wa magogo niliona masikio madogo yakitoka majini, kisha pua, kisha hayapo. Shangazi aliacha kucheka. Niliwafikiria watoto wangu nyumbani.

"Ni kama ile gia ya nne kilimani!" nikapiga kelele. "Boti imejaa, mashine haiwezi! Uzito uende mbele!"

Shangazi akatambaa, akakaa ubavuni kwa Elia. Mkia ukainuka kidogo, haukutosha. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kando ya Baba. Nikasimama nimeganda. Maji yanaingia botini, na bado nilikuwa naona aibu.

Mzee akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, alinitazama usoni.

"Njoo, mwanangu," akasema, akaninyooshea mkono. Nilipoushika akaongeza, "Hata mimi naogopa."

Tulikaa bega kwa bega. Mkia ukapanda, maji yakaacha kuingia, tukajikokota hadi mwaloni.

Ukingoni nilifungua kanga. Elia aliitazama ile propela, asinitazame mimi. Alipokuwa anaifunga badala ya ile mpya alisema kwa sauti ya chini, "Aliyeniuzia alisema kwao Tanga inakimbia sana. Kule ni usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, mashine inapungukiwa nguvu. Nilijua, nikapuuza."

"Sasa ijaribu na watu," Baba akasema. Hakuna aliyesogea. Basi akapanda yeye, nami nikakaa pembeni yake, Shangazi akafuata. Pale pale karibu na ukingo mashine ililia vizuri, boti ikanyanyuka na kulala juu ya maji. Hofu haikuniisha. Sikuuachia mkono wake mpaka tuliposhuka.

Nilichojifunza ni kwamba propela huchaguliwa wote watakaopanda wakiwa wamekaa ndani, na mwoga wao awe wa kwanza kuulizwa.

Tukirudi, Baba aliipakata ile ya kumi na tisa njia nzima. Mvumi alishuka nayo kwapani.

"Baba, hiyo ni yangu," Elia akasema.

"Ukiitaka, njoo uniombe. Na mwanangu huyu awepo," akasema akinionyesha mimi.

Mpaka leo iko Mvumi. Elia hajaenda kuiomba.