Siku Paa la Kanisa Lilipoezuliwa

Juzi nilipitia parokia yetu ya zamani kule Ruiru, nikakuta mafundi wakiweka dari mpya. Harufu ya mbao zilizokatwa ilinirudisha alasiri moja ya utotoni.

Mama alikuwa amefariki muda si mrefu. Nilipomuuliza cucu, mamake mama, ameenda wapi, alinijibu, "Ako kwa nyumba ya Mungu." Mimi nyumba ya Mungu niliyoijua ilikuwa hiyo moja, ya mabati. Kila Jumapili nilikaa nimetulia, nikijua mama ananiona.

Kisha padri akatangaza kwamba kanisa litapata paa jipya. Watu walipiga makofi.

Alasiri ya kuezua paa la zamani, cucu aliwapelekea mafundi chai, nami nikamfuata. Tuliingia tukakuta anga wazi juu ya viti, mabati yakiangushwa kwa kishindo, na mawingu meusi yakija kutoka upande wa Thika. Nikaanza kulia.

"Cucu, mama atanyeshewa!"

Aliweka birika chini. Alifungua leso kiunoni, akaketi kwenye kiti cha mbele, akanipakata na kutufunika.

"Basi tukae na yeye mpaka iishe."

Mvua ilinyesha kweli. Mafundi walituita kutoka sakristia, chumba cha padri kilichokuwa bado na paa, "Cucu, kujeni huku!" Hakuinuka. Tulilowa chepechepe.

Nilidhani cucu anakaa pale kwa ajili yangu. Nilipopata binti yangu ndipo iliponijia kwamba mama alikuwa mtoto wake.