Shamba la Maman Lucienne lapita ukaguzi

Saa mbili asubuhi Lucienne Mujinga amesimama katikati ya mahindi yake, buti za mpira zimejaa tope, macho barabarani. Mkaguzi wa ruzuku ya mazao anafika leo. Maman Lucienne, kama wote wanavyomwita, amekosea fomu, na sasa anajua.

Shamba lenyewe, nusu ekari ya kukodi, liko Neerpede, pembeni ya Anderlecht, kule ambako Brussels bado ina ng'ombe. Mzaliwa huyu wa Likasi, Kongo, mwenye miaka 54, alisafisha ofisi za Porte de Namur, jirani na Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, miaka kumi na minane kabla ya kushika jembe.

Mwaka huu bei ya mazao imeporomoka vibaya, na serikali imeahidi kuwafidia wakulima wadogo. Fungu lake ni euro 1,150. Kodi ya shamba ni 1,100. Asipolipwa, shamba linakwenda kwa mfuga farasi. Mambo ni hayo tu, wala hayana kona.

Masharti yanataka kila zao lililomo shambani liandikwe. Yeye aliandika neno moja: mahindi. Wakati maharage yamepanda juu ya mabua na maboga yametambaa chini, kama ilivyo kwao Katanga!

"Kwetu ukisema shamba ya mahindi, bon, kila muntu anajua maharagi iko mule," ananiambia. "Nani anaandikaka maharagi?"

Anacheka, lakini kahawa yake hajaigusa.

Mkaguzi anafika. Anaitwa Anaïs, mwanamke wa makamo, mkazi wa Uccle, mpole lakini hacheki na kazi. Anauliza kwa Kifaransa ni kitu gani kimezunguka mahindi. Maman Lucienne hababaiki, anamweleza yote: maharage yanapata pa kupanda, maboga yanafunika udongo usikauke, na majani yake ni mboga.

Anaïs anakunja uso. Anasema fomu isiyolingana na shamba hufutwa. Jamani, hapo mimi mwenyewe kalamu imenikauka mkononi. Maman Lucienne ameshika bua la hindi.

Kisha Anaïs anaendelea: mkulima aliyesema ukweli kabla ripoti haijaandikwa anaruhusiwa kusahihisha palepale. Anafungua kompyuta yake. Mahindi. Maharage. Maboga. Anauliza kama kuna kingine.

Maman Lucienne anamwomba, kwa adabu zote, asogeze mguu. Mkaguzi amekanyaga majani mekundu aliyodhani ni magugu.

"Ile haiko mayani ya bure, ni lengalenga," Maman Lucienne ananigeukia mimi, kisha anamtafsiria mgeni. "Batu ya Matonge bote banaitafuta."

Anaïs anaruka pembeni, anaomba radhi, anaandika zao la nne: lengalenga, yaani mchicha. Fomu imepita. Pesa zitaingia Oktoba, siku kumi kabla ya kodi. Vigelegele anavyopiga Maman Lucienne vinamtoa jirani ndani kwake, naye mkaguzi anapiga makofi bila kujijua. Nimeandika habari nyingi za ruzuku, lakini sijawahi kurudi ofisini na furaha kama hii.

Maman Lucienne keshapiga hesabu ya mwakani. Anataka kukodi nusu ekari nyingine, na anapima mipaka yake kwa hatua huku akizungumza.

"Kule natia lengalenga tupu," anasema. "Na ku papier nitaandika byote, mpaka minyoo."