Ukungu wa Pikapu ya Baba

Marashi ya waridi siyawezi mpaka leo. Harusini wakipita na mrashi kuwanyunyizia wageni, wenzangu wanainamisha vichwa, mie nasogeza kiti. Wananiona najidai. Hawajui kwamba harufu ile ikikutana na ya kapeti mbichi, narudi kwenye pikapu ya Baba asubuhi ya mvua, na mbele yetu hatuoni kitu.

Tulikaa Tandale. Baba alikuwa anachukua mboga sokoni na kuzipeleka kwenye mahoteli ya Mikocheni, na kwa kuwa shule yangu ilikuwa njiani, nilikuwa napanda naye mbele. Pikapu ilikuwa kuukuu, feni imekufa, dirisha la upande wangu halishuki. Lakini ndiyo iliyotulisha, na Baba alivyokuwa akiisifia ungedhani kaoa mke wa pili.

Bibi, mama yake Baba, alihamia kwetu kutoka Lindi baada ya Baba Mdogo kufa. Baba Mdogo alikuwa dereva wa lori. Lilimshinda kwenye mteremko, na waliokuwepo walisema mguu wake ulichelewa breki. Neno hilo lilimwingia Bibi likakaa. Sasa alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, na huyo naye riziki yake iko barabarani. Basi kila alfajiri, akishaswali, anatoka na mrashi wake wa shaba, anafungua mlango wa dereva, analisomea gari dua na kunyunyiza. Sote tulijua, na Baba alimwacha. Nani amkataze mama mzazi kukuombea?

Masika ile ndipo ukungu ulipoanza, tena ndani, si nje. Tukifungua mlango asubuhi tunakuta kioo cha mbele cheupe, matone yanateremka taratibu, utadhani kuna mtu kalala humo usiku kucha. Baba alijaribu sabuni ya kipande. Akajaribu kusugua tumbaku, kama alivyoelekezwa na madereva wenzake. Wapi! Kazi yangu ikawa kufuta kwa kipande cha kanga, na nikimaliza upande wa Baba, wangu umeshajaa. Siku moja Bibi alisimama pale, akaweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa haraka.

"Kuna kitu kinapumua humu," alisema.

"Mama, mvua tu hiyo."

"Mvua inanyesha ndani?"

Baba akacheka. Mie sikucheka. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipanda gari nabana pumzi, nisije nikashiriki hewa na huyo mwingine, mpaka macho yananitoka. Ukungu ukazidi, na Bibi naye akazidisha dua. Akakonda. Wakati wa kuondoka ananibana mabegani mpaka naumia: "Mke mwenzangu, nichungie mwanangu." Nitamchungaje, jamani, na miguu yangu haifiki hata chini?

Kisha ikaja asubuhi yenyewe. Mvua ilikuwa imeshika, na tulikuwa hatujafika mbali na soko wakati kioo kilipogeuka cheupe chote, ghafla, kama mtu kafunga pazia. Nikafuta. Baba akafuta kwa mkono. Kwenye ile tundu tuliyoifuta nikaona mkokoteni wa vitunguu, na nyuma yake kijana anayesukuma, kageuza uso kututazama. Baba akakanyaga breki. Kandambili yake ilikuwa imelowa, ikateleza, mguu ukapita pembeni ya pedeli. Alikanyaga tena. Yule kijana aliruka, tukaugonga mkokoteni, taa ikavunjika na vitunguu vikatapakaa kwenye matope. Hakuna aliyeumia. Lakini Baba alibaki kaushika usukani, na sijawahi kumwona baba yangu akiogopa vile.

Siku hiyohiyo tukaenda kwa fundi wake Kinondoni, mtu wa maneno mengi. Alipitisha kidole kwenye kioo, akakinusa.

"Ingekuwa rejeta ya hita inavuja, kioo kingekuwa na utelezi wa mafuta na harufu tamutamu. Siyo."

Akamwagia mlango maji kwa nje. Raba za mlango hazikupitisha hata tone. Ndipo akainua ile raba ya kukanyagia upande wa dereva, akavuta kapeti, akakamua sponji la chini yake. Maji yakachuruzika. Akanusa mkono wake.

"Braza, hili gari linabebaga maharusi?"

Baba akanusa naye. Uso ukambadilika, akageukia ukutani. Mie nikalikumbuka jagi letu la jikoni, lililokuwa likikutwa uani kila asubuhi, tupu. Kumbe Bibi alishauacha mrashi kitambo. Alikuwa anamimina maji yake ya dua kwa jagi, chini ya raba, palepale mguu wa breki unapokaa. Kila ukungu ulipozidi, akaongeza maji.

Kapeti ikang'olewa, ikaanikwa, na feni ikatengenezwa. Jioni nilikaa roho juu nikingoja Baba ang'ake. Badala yake alikaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu ya Bibi.

"Mama, dua yako imefika. Leo tumeponea chupuchupu. Ila nakuomba, kuanzia kesho uyasomee matairi. Tairi ndiyo inayokanyaga barabara."

Bibi akamtazama sana. "Matairi?"

"Matairi, Mama."

Akakubali. Akayanyunyizia kila alfajiri, na kioo hakikujaa ukungu tena. Nadhani alikufa bila kujua.

Kabla ya fundi niliamini kilichokuwa cha kutisha mle ndani ni shetani; baada yake, kwa miaka mingi, nikadhani ni maji tu. Nimeelewa baada ya kuzaa, kila asubuhi nikimtoa mwanangu langoni aende barabarani. Kilichokuwa kinapumua mle ni woga wa Bibi, na woga ule ulikaribia kutuua.

Siku tuliyomzika, kulikuwa na jua kali. Watu wakiwa bado turubaini, nilimkuta Baba peke yake kwenye pikapu, vioo kavifunga. Alikuwa ameinua raba, mkononi ana jagi, na gari zima linanuka waridi. Kioo kilishaanza kuwa cheupe pembeni.

"Baba, kitajaa ukungu," nikamwambia.

"Acha kijae, mwanangu," alisema. "Leo hatuendi popote."