Siku Picha Zilipokataa Kupita

Nilirudi kazini kutoka likizo ya uzazi nikiwa sijaamka sawasawa. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya Ziwa Kivu, na basi dogo kutoka Rubona lilinipeleka mjini kana kwamba haligusi barabara.

Ofisi yetu ya Mbugangari ilitunza mfumo wa zahanati moja: majina ya wagonjwa na picha zao za eksirei. Mwenzangu, aliyekulia Bukavu na kuchanganya Kifaransa katika maneno yake, alinipokea mlangoni.

"Bon, dada, umerudi wakati muzuri. Majina inafika zahanati. Picha ndio haifike."

Programu ilikaa ndani ya kontena, chumba chake peke yake; kontena nalo lilikuwa ndani ya kompyuta pepe, ile isiyoshikika, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa ya ofisini. Nikiwa likizoni, mwenzangu alikuwa ameihamishia kompyuta pepe hiyo kwenye mtandao mpya.

Niliketi nikaogopa. Mwili wangu ulijua kunyonyesha tu. Amri nilizozoea kuziandika bila kufikiri zilinijia polepole, moja moja, kutoka mbali.

Nikapiga pingi, ujumbe mdogo wa kupima njia, kutoka kompyuta pepe hadi zahanati, ikajibiwa. Nikapiga kutoka ndani ya kontena, ikajibiwa pia. Njia ilikuwepo, basi.

Mama yangu, aliyekuwa akinisubiri nje na mtoto, akaingia naye mgongoni. "Ameamuka. Anakutafuta na mudomo."

Nikamnyonyesha palepale. Mvua ikaanza kwenye mabati, na kwa muda sikujua kama niko macho. Majina ni madogo, niliwaza, picha ni kubwa.

"Jaribu pakiti kubwa," nikamwambia mwenzangu.

Akatuma pingi yenye kifurushi kikubwa cha data kutoka ndani ya kontena. Kimya. Akapunguza ukubwa. Kimya. Akapunguza tena, jibu likaja.

Mtandao mpya ulipitisha pakiti ndogo kuliko ule wa zamani. Kompyuta pepe ilijua hilo. Kontena halikuwa limeambiwa, likaendelea kutuma kwa kipimo cha zamani, na pakiti zikapotea njiani. Nikamtajia kipimo kipya, akakiandika kwenye mipangilio ya mtandao wa kontena, akaliwasha upya.

Picha ya kwanza ikafika zahanati, nasi tukaiona kwenye skrini yetu: mbavu za mtu, nyeupe, zikielea gizani.

Mama akainama kutazama. "Ni ya nani?"

"Sijui, mama. Mugonjwa."

"Imana imuponeshe," alisema taratibu, akimwita Mungu kwa lugha ya kwetu.

Mwenzangu alikuwa tayari kwenye simu na zahanati, akicheka. Akaniuliza pembeni, "Donc, haukusahau?"

"Nilidhani nimesahau kila kitu," nikasema, machozi yakinitoka bila huzuni yoyote.