Bibi Aliponitoa Skuli ya Masista

Juzi nilikwenda Mkoani kumpokea mjukuu wangu anayesoma chuo Unguja. Meli ilichelewa, kama ada yake, nikasema ngoja nipande kilimani nikaione skuli yetu. Sijui shetani gani alinituma. Nilikuta ukuta umepakwa rangi nyengine, na ndani watoto wa kike na wa kiume wanapiga kelele pamoja. Mlinzi akaniuliza, "Bi mkubwa, unamtafuta nani?" Nikababaika. Wote niliowajua pale wamekwisha kuondoka.

Sikia, ndugu yangu. Pale palikuwa na skuli ya wasichana ya masista wa Kikatoliki. Ilianza na mabinti wa makarani na wauguzi kutoka bara, Wakristo wenyewe kwa wenyewe. Sisi Waislamu wa mashamba hatukutaka hata kuisikia; watu walisema watoto watabatizwa. Basi Sista Mkuu akafunga safari kijiji kwa kijiji mpaka akafika kwetu Kengeja. Bibi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikuwa uani akimenya muhogo. Akamtazama mgeni toka juu hadi chini: kitambaa mpaka kwenye paji la uso, kanzu mpaka kwenye viatu. Akawageukia shangazi zangu, "Mwaona? Kajisitiri kuliko nyinyi." Kisha akauliza jambo moja tu, wanaume wanalala wapi. Sista akamwambia hakuna mwanamume anayelala pale. Hata mlinzi ana kibanda chake nje ya ukuta. "Haya, mchukue," bibi akasema. Wajomba walinuna wee, wakachoka.

Nikaingia dahalia. Jamani, vitanda vile! Kila mtu na chake, na shuka inayonuka sabuni ya kipande. Alfajiri sisi Waislamu tulisali kwenye chumba cha kushonea, wenzetu wakienda kanisani, halafu sote tukakutana kwenye uji. Bi mpishi, mama mmoja wa Mkoani mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, alipika muhogo wa nazi ambao sijaupata tena popote. Ramadhani ikiingia, masista walikula mchana wakiwa wamefunga milango, wasitutamanishe. Rafiki yangu alikuwa binti wa muuguzi kutoka bara. Yeye alikuwa hodari wa Kiingereza, mie wa hesabu. Sista Mkuu aliniambia nikimaliza nitakwenda kusomea ualimu, na mie nililishika neno lile nikalala nalo na kuamka nalo. Mwalimu wa hesabu, mie, mtoto wa Kengeja!

Mapinduzi yakaja, na baadaye serikali ikazichukua skuli zote. Masista waliambiwa wangoje amri. Msimu wa karafuu ukafika, tukapelekwa mashambani kuchuma, wakubwa kwa wadogo, mpaka vidole vikawa vyeusi na nywele zinanuka karafuu. Tuliporudi, nyumba ya masista ilikuwa wazi, na kwenye kamba ya nguo hamna kitu. Hatukuagana nao. Bi mpishi alikuwa amekaa kizingitini, na siku hiyo sauti yake hatukuisikia kabisa.

Akaja mwalimu mkuu mpya, mwanamume kutoka Unguja, akahamia nyumba ile ile ya masista, ndani ya ukuta. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini zama zile zilikuwa za minong'ono. Watu walisema kuna wakubwa wa serikali wanaozunguka na magari kuangalia mabinti wa kuoa, na baba akikataa kumwoza binti yake anakiona cha mtema kuni. Maneno hayo yakafika Kengeja upesi kuliko lori la abiria.

Na lori halikukawia kumleta bibi. Nilimwona getini na buibui lake, nikajua kaja kunichukua. Mwalimu mkuu akampa kiti, akamwambia kwa adabu, "Bibi, mtoto huyu ana akili. Mwache amalize." Bibi akamuuliza, "Wanaume wanalala wapi, mwanangu?" Mwalimu akatupa jicho kwenye nyumba yake, mle ndani ya ukuta. Bi mpishi akatoka jikoni mbio, "Nitalala na watoto mie, bibi! Wallahi nitalala mlangoni!" Bibi akamwambia, "Ahsante, mama. Na wakija wenye gari, weye utawazuia kwa mwiko?"

Nililia mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Nilimwambia simpendi, sitampikia, sitamtazama. Akanifungia nguo zangu ndani ya kanga. Njia nzima ya Kengeja nilimpa mgongo. Mwaka uliofuata niliolewa na binamu yangu, mtu mwema, Mungu amrehemu. Hesabu nilizozipiga baada ya hapo ni za vikapu vya ndizi sokoni.

Rafiki yangu alibaki. Alimaliza salama, akawa mwalimu huko bara, hakuna aliyemgusa. Msichana mwengine wa Konde, aliyelala kitanda cha kando yangu, alibaki pia. Wazazi wake walikuja kupata habari kwamba ameozwa kwa mtu mkubwa wasiyemjua, na kwao hakurudi tena. Sasa niambie, ndugu yangu, mie ningekuwa yupi? Nimejiuliza mpaka nimezeeka, na hasira zangu hazijajua pa kwenda.

Masista wamekwenda, dahalia imevunjwa, Bi mpishi yuko kaburini. Kitanda changu sijui kililaliwa na nani baada yangu.

Bibi alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa namkanda miguu. Akanishika mkono. "Nambie kweli. Ungelikuwa mwalimu?"

"Bibi, ulinitoa kwa sababu ulinipenda."

"Sikukuuliza hilo."

Nikamwambia, "Ndiyo, bibi. Ningelikuwa."

Akalia. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga yangu, na mie nikalia, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake kakosea.