Kihispania cha Mtu Aliyepigwa Risasi

Neno la kwanza la Kihispania nililojifunza lilikuwa bala, yaani risasi. La pili lilikuwa cadera, nyonga. Nilijifunza yote mawili siku moja, nikiwa nimekaa kiupande kwenye benchi ya zahanati ya misheni hapa Isiolo, kwa sababu upande wangu wa kushoto haukukubali kukaliwa.

Mwalimu wangu alikuwa sista mzee aliyetoka Uhispania. Alikuwa ameishi kwetu miaka mingi, mpaka Kiswahili chake kikaingiwa na lafudhi ya Kimeru, na sisi Waislamu wa Kiwanjani tulimpelekea watoto wetu wagonjwa bila wasiwasi. Yeye ndiye aliyetuma picha za nyonga yangu kwa madaktari wa kwao, wakakubali kunipasua huko huko. Lakini alinionya kwamba hospitalini hakuna atakayejua Kiswahili, na Kiingereza changu kilikuwa kile cha kuuzia mbuzi.

"Daktari atakugusa," aliniambia. "Wewe ukinyamaza kama wanaume wa kwenu, atafikiri hakuna uchungu. Sema: me duele aquí."

"Me duele aquí."

"Maana yake?"

"Naumwa hapa."

"Basi sema kama mtu anaumwa." Akanigandamiza nyonga kwa kidole gumba. Jasho lilinitoka, nikashika ukingo wa meza hadi kucha zikauma. Hakuondoa kidole.

"Sema."

"Me duele," nilisema kwa meno yaliyofungana.

"Vizuri. Tena."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Nilijifunza damu, mfupa, homa, siwezi kulala. Nilijifunza kusema kwamba penisilini inanidhuru, maana nikiwa kijana pale Chechelesi sindano moja ilinivimbisha koo nusura nife. Hilo alinikaririsha kila siku, hata nikiwa mlangoni naondoka.

Wiki ya tatu akasema, "Sasa daktari atauliza, ¿qué pasó? Ilikuwaje? Utajibu: me dispararon. Walinipiga risasi."

Ilikuwaje. Tulikuwa ng'ambo ya Korbesa, mimi na kaka yangu, tunanywesha ngamia kwenye visima vya laga, ule mto wa mchanga ambao maji yake huchimbwa. Jua lilikuwa katikati ya kichwa. Kaka yangu alikuwa ndani ya kisima, kichwa na mabega tu vikionekana, ananipa ndoo. Alikuwa polisi wa akiba, na bunduki yake ilikuwa imelazwa juu ya shati lake ukingoni. Nilinyoosha mkono kupokea ndoo, na shingo yake ikapasuka. Sikusikia mlio kwanza. Nilimwona akijishika koo kwa mikono miwili, damu ikipita kati ya vidole, halafu akateleza kurudi ndani ya maji. Ngamia mmoja aliendelea kunywa kwenye birika la kunyweshea lililorukiwa na damu.

Nilipogeuka, kitu kama shoka kikaniingia nyongani. Nilianguka kifudifudi. Wezi walikuwa wakiswaga ngamia wetu kwa fimbo na miluzi, wakinipita kama mzoga. Nilitambaa mpaka kwenye lile shati.

Haya yote niliyajua. Lakini nilipofungua mdomo mbele ya sista, nilisema, "Disparé."

"Hapana," alisema. "Hiyo ni mimi nilipiga. Sema walinipiga."

"Disparé," nikasema tena, na mara hii sikukosea.

Akaweka kalamu chini.

Sikuwa nimemwambia mtu. Nyumbani waliamini kwamba kaka yangu alimuua mwizi mmoja kabla ya kukata roho, na wazee walimsifu kwa hilo kaburini. Nilimweleza sista kwamba wezi walikuwa wamekwisha kuondoka. Mmoja wao alirudi kuokota ndara yake iliyochomoka mchangani. Alikuwa amenipa mgongo, ameinama. Nilimpiga katikati ya mabega. Alipoanguka alijaribu kutambaa kama nilivyotambaa mimi, nikampiga tena, na tena, mpaka bunduki ikaisha risasi.

Nje mtoto alikuwa analia kwa sindano.

"Hiyo daktari hahitaji," sista alisema mwishowe. "Mimi nimesikia. Sasa sema, me dispararon."

Nikasema.

Huko Uhispania maneno yake yalinifaa moja baada ya jingine. Daktari aliuliza ilikuwaje, nikajibu nilivyofunzwa, akaandika. Aliposikia habari ya penisilini alisimama, akaenda kuwaambia wenzake, na wakanifunga utepe mwekundu mkononi. Aliponibonyeza nyonga nililia kwa sauti, me duele, bila haya.

Walinipasua asubuhi. Nilipozinduka ilikuwa mchana, mwanga mkali umenijaa machoni, na mtu alikuwa ameniinamia, mkono wake kooni mwangu. Alikuwa muuguzi anarekebisha mrija wa hewa. Mimi nilimwona mwizi. Nilimpiga ngumi ya mdomo kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Meno yake yalinikata vidole. Nikang'oa sindano ya dripu, nikamshika nguo nikamvuta, nikilia kwa Kiborana kwamba kaka yangu yuko ndani ya maji. Wanaume wawili walinilalia kifuani ndipo nikamwachia.

Akili iliporudi nilimwona amekaa sakafuni, kidevu chote damu. Nilitafuta neno. Nilikuwa na mfupa, homa, risasi, mkojo. La kuomba radhi sikuwa nalo.

"Sangre," nilimwambia, nikimwonyesha mdomo wake. "Sangre." Alifikiri naulizia damu yangu. Akatikisa kichwa, akatoka ameshikwa mkono.

Risasi walikuwa wameitoa, pamoja na kipande cha mfupa uliooza. Mguu wa kushoto ulibaki mfupi kidogo, na leo natembea sokoni kati ya mbuzi nikichechemea, lakini nakaa kwa pande zote mbili na usiku nalala.

Kesho yake baada ya kupasuliwa, muuguzi yule alikuja kunisafisha kidonda. Mdomo wake ulikuwa na nyuzi tatu, na nyuma yake alikuwa mwanamume mnene aliyenishika mikono yote miwili, akaikaza kitandani. Sikupinga. Nilimwambia kwa Kiswahili, "Nisamehe, dada yangu."

Alinitazama usoni kwa muda, akaelewa. "Perdón," alisema polepole, akisubiri.

"Perdón," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi yake. Siku iliyofuata alikuja tena na yule mwanamume. Siku ya tatu alikuja peke yake.