Miguu ya Twiga wa Jabalini

Mvua ya kwanza ikipiga jabali lililokaangwa na jua miezi kadhaa, hutoka harufu fulani, nusu vumbi nusu chuma, ambayo mtu wa Singida hahitaji kuelezwa. Ikinifikia hata nikiwa dukani kwangu Utemini, mjini, najikuta nina miaka tisa, nimeshika brashi ya kufulia.

Likizo zetu tulizimalizia kijijini kwa shangazi Hadija, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, mrefu, wa maneno machache, na alisonga ugali wa uwele ambao sijaula tena kwa mtu mwingine. Nyuma ya shamba lake la alizeti palikuwa na jabali lililoinama kama paa la kibanda. Chini yake, ukutani, palikuwa na michoro myekundu: watu wembamba wenye vichwa vikubwa, nyati mmoja, na twiga. Ukimuuliza shangazi nani aliichora, alijibu, "Tuliikuta." Mvua ikichelewa, wanawake wa ukoo walikwenda pale kuomba. Siku nyingine alipafagia peke yake, polepole, bila kugusa ukuta.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nimejua kuandika jina langu kwa herufi za kuunga, nikaliandika kila mahali: mlangoni pa ghala, kwenye mtungi, hata mgongoni mwa Rehema, binti wa shangazi. Basi siku moja nilichukua mkaa, nikaandika Zainabu juu ya miguu ya twiga. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaona limependeza.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa kijiji alileta habari. Kesho yake angekuja afisa wa mambo ya kale kuipiga picha michoro na kuiorodhesha, ili itambuliwe kuwa urithi wa taifa. Shangazi alifurahi kwa namna yake, yaani alikwenda kuchagua kuku wa kuchinja. Mimi uji ulinishinda.

Mchana huo nilibeba ndoo, kipande cha sabuni na brashi, nikaenda kulifuta jina langu. Maji yakatoa kwenye jabali harufu ile ya mvua ya kwanza, nami nikasugua kwa bidii yote ya mtoto mwenye hofu. Povu lilitoka jeusi, kisha la kijivu, kisha jekundu. Nilipoelewa maana ya ule wekundu, jina lilikuwa limekwisha na miguu ya twiga nayo imekwisha. Mnyama alibaki ananing'inia hewani kama shati kwenye kamba.

Shangazi alinikuta palepale. Nilingoja fimbo. Aliutazama ukuta, akaitazama ndoo, akakaa juu ya jiwe kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

"Hii haikuwa yangu, Zainabu," alisema mwishowe. "Wala ya baba yako. Sasa nitawaambia nini?"

Sikujua anawasema watu gani, walio hai au waliokufa.

Afisa alikuwa kijana mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi. Alimwamkia shangazi kwa adabu, akaanza kupima ukuta. Nilitegemea shangazi atasema ni mvua iliyoifuta miguu. Badala yake alinisukuma mbele.

"Aliyefuta ni mtoto wangu huyu. Lakini sisi hatukuwahi kuikagua miguu hiyo; yeye ndiye wa mwisho kuiona kwa karibu. Muulize."

Yule kijana hakunigombeza. Alichuchumaa, akafungua daftari. "Ilikuwa mingapi?"

"Minne."

"Imenyooka?"

Nilifumba macho. Mitatu niliiona vizuri. Ule wa mbele kabisa, uliokuwa chini ya herufi ya kwanza ya jina langu, sikuuona. Lakini shangazi alikuwa ananitazama, na nilitamani mno kurudisha kitu.

"Wa mbele umekunjwa," nikasema. Akauchora kwa nukta nukta.

Kwa miaka mingi niliamini shangazi alinisimamisha pale ili kuniaibisha, na nilikuwa na kinyongo naye hata siku tunamzika.

Sasa pale pana uzio na ubao wa serikali, na binti wa Rehema ndiye anayewaongoza wageni. Mwaka jana nilisimama nyuma ya kundi la wanafunzi nikamsikiliza. Aliwaonyesha nakala ya ule mchoro wa nukta. "Twiga huyu amekunja mguu ili anywe maji," alisema. "Ndiyo maana bibi zetu waliombea mvua hapa." Watoto wote wakaandika.

Ndipo nilipomwelewa shangazi. Kilichofutika ukutani kilikuwa kimebaki kwangu peke yangu, na alinisukuma mbele ili nikitoe kabla sijakisahau. Aliianika aibu yake mwenyewe mbele ya mgeni ili ukweli upate pa kukaa. Mimi nilikuwa nimeuchanganya na uongo mdogo.

Watoto walipoondoka nilimwita yule binti. "Ule mguu wa mbele," nikamwambia, "niliubuni. Sikuuona."

Aliitazama ile nakala. "Sasa niwaambie nini, mama mdogo?"

"Waambie mitatu inajulikana. Mmoja haujulikani. Na uwaambie ni kwa nini."